Uzi wa Kisu: Tafakari juu ya Neno Moja la Kiitaliano



Juma hili ninawaalika tutafakari neno moja dogo, neno la herufi nne tu. Si Kilatini cha Misa, wala si Kigiriki cha Injili. Ni neno la jikoni na la karakana, neno la Waitaliano: filo. Maana yake ya kwanza ni uzi: uzi wa kushonea, uzi wa kufumia, uzi wa buibui. Lakini Mwitaliano anapotaka kutaja makali ya kisu, ya wembe au ya upanga, hutumia neno hilohilo. Makali ya kisu, kwake yeye, ni uzi wa kisu.

Huenda mmoja wenu akasema: Padri, hayo ni mambo ya kamusi, sisi yatatufaa nini? Ninaomba uvumilivu wenu. Watu wa kale walipokipa kitu jina, mara nyingi walikuwa wamekwisha kukitazama kwa muda mrefu na kukishika kwa mikono yao. Na ajabu ya jina hili ni kwamba kitu kikali kuliko vyote vilivyomo nyumbani kimeitwa kwa jina la kitu dhaifu kuliko vyote. Uzi ndio hukatwa na kisu. Imekuwaje basi kisu chenyewe kiwe kinakata kwa uzi wake?

Nilikutana na matumizi hayo nilipokuwa masomoni Roma. Katika nyumba tuliyokaa mapadri wanafunzi alikuwapo mpishi, mama mtu mzima, mwenyeji wa milima ya kaskazini, ambaye siku za Jumamosi alituruhusu kumsaidia kazi ndogondogo. Asubuhi moja alikuwa akikata nyanya, na kisu kikawa kinaibonyeza nyanya badala ya kuipasua. Akakiinua kuelekea dirishani, akautazama ukingo wake kwenye mwanga, akasema: "Ha perso il filo." Yaani, kimepoteza uzi. Juma hilohilo, profesa wetu mmoja, katikati ya mhadhara mrefu, aligeuza karatasi zake, akanyamaza, akatabasamu, akasema: "Ho perso il filo." Yaani, nimepoteza uzi. Kisu kilichokuwa butu na mwalimu aliyesahau alikokuwa akielekea walielezwa kwa maneno yaleyale. Tangu siku hizo neno hilo limekaa nami, na katika miaka ya karibuni limenisaidia katika jambo zito la nyumbani kwetu, ambalo nitalieleza hapo mbele.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Filo limetoka katika Kilatini filum, yaani uzi. Lugha nyingine zilizozaliwa na Kilatini nazo zilirithi neno hilo, pamoja na tabia yake ya kuhamia kwenye chuma. Wafaransa husema fil, kwa uzi na kwa makali ya upanga. Wareno husema fio, vivyo hivyo. Wahispania wamezitenganisha maana hizo mbili: uzi ni hilo, makali ni filo, lakini mama wa maneno hayo yote mawili ni yuleyule filum. Kutokana na jina hilo kikaja kitenzi cha kunoa: Waitaliano husema affilare, Wafaransa affiler, Wahispania afilar. Ukikichambua kitenzi hicho, kunoa ni kukifikisha kisu kwenye uzi.

Katika mazungumzo ya Waitaliano neno hili halipumziki. Jani moja la nyasi ni filo d'erba, uzi wa nyasi. Mafuta machache yanayomiminwa juu ya mboga ni filo d'olio. Mgonjwa anayeongea kwa shida, sauti yake ni filo di voce, uzi wa sauti. Mtu aliye hatarini yuko juu ya uzi wa wembe. Na anayesimulia jambo lote bila kuruka kitu husemwa kuwa amelieleza per filo e per segno, kwa uzi na kwa alama, msemo uliotoka kwa mafundi waliokuwa wakivuta uzi uliotiwa rangi ili kupiga mstari ulionyooka. Waashi wetu wanaofunga uzi kabla ya kupanga tofali watauelewa msemo huo bila kufafanuliwa.

Hata Kiswahili chetu kimepata kipande kidogo cha uzi huo wa Kilatini, kwa njia ya mzunguko. Zamani makarani wa Ulaya walizitunza karatasi zao kwa kuzitunga kwenye uzi, kama tunavyotunga shanga. Kutokana na fil ya Kifaransa Waingereza wakapata neno lao la mkusanyo wa karatasi, nasi tukalipokea kwao tukaliita faili. Kwa hiyo kila mchumba anayekuja ofisini kuulizia faili la ndoa yake anatamka, bila kujua, neno la ukoo mmoja na makali ya kisu cha yule mpishi wa Roma.

Sasa tulinganishe, kwa maana si mataifa yote yaliyoyaona makali kwa jicho moja. Waebrania waliyaita mdomo. Katika Agano la Kale, pale ambapo Biblia zetu za Kiswahili hutaja makali ya upanga, mara nyingi Kiebrania husema mdomo wa upanga, kwa neno pe; na upanga huo husemwa kuwa unakula. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 3, Ehudi, yule mwana wa Benyamini aliyetumia mkono wa kushoto, alijifanyia upanga wenye makali pande mbili. Kiebrania kinasema upanga wenye midomo miwili. Wagiriki wa Agano Jipya waliifuata njia hiyohiyo. Upanga ukatao kuwili, katika Waraka kwa Waebrania 4:12, ni distomos, wenye midomo miwili. Na Mtakatifu Yeronimo, alipotafsiri Maandiko kwa Kilatini, aliuacha mdomo huo mahali pake.

Kiebrania kina jina jingine pia. Mhubiri, katika sura ya 10, aya ya 10, anasema juu ya chuma kilichokuwa butu, ambacho mtu asipokinoa humlazimu kutumia nguvu zaidi. Makali yanayotajwa hapo yameitwa panim, yaani uso. Kisu kisichonolewa ni kisu ambacho uso wake haukusafishwa.

Warumi wa kale, kwa upande wao, waliita makali acies. Neno hilo lilikuwa pia jina la wepesi wa macho ya mtu aonaye vizuri, na jina la safu ya askari iliyojipanga vitani. Wana wa Kilatini hawakulitupa: kutoka humo Waitaliano wamepata acciaio, jina lao la chuma cha pua. Lakini makali yenyewe wakayaita uzi.

Na sisi? Sisi tunasema makali, kutokana na kali, neno lile lile tunalolitumia kwa jua, kwa pilipili, kwa mbwa na kwa mwalimu. Tumekitaja kisu kwa namna tunavyokihisi kinapotugusa. Wazee wa pwani wana usemi mwingine mzuri: kisu kikiwa kikali husema chapata, na kikiwa butu husema hakipati. Kisu kinapata, kama vile mtu apatavyo alichokiendea. Mwebrania alikiona kisu kinavyokula, Mswahili alihisi kinavyouma na kuona kinavyopata. Lakini Mwitaliano alifanya kama yule mama wa jikoni: alikiinua kuelekea dirishani akautazama ukingo wake. Na alichokiona hapo kilikuwa mstari mwembamba mno, uliotandazwa kutoka mpini hadi ncha. Akauita uzi.

Jina hilo ni la kweli kabisa, na mafundi watanishuhudia. Kisu kina mgongo wake, ambao Waitaliano huuita costa, yaani ubavu. Kina bapa zake mbili, na mpini ulioumeza msuka. Sehemu hizo zote ni nene na nzito, nazo hazikati kitu. Kinachokata ni pale bapa mbili zinapokutana, mahali ambapo chuma karibu kimekwisha. Unywele wa binadamu una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, au pungufu ya hapo. Ncha ya makali ya wembe mpya haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Na sababu ya kukata kwake ni hiyohiyo: nguvu ya mkono, ikiwekwa juu ya eneo pana, hutawanyika na kubonyeza tu, nguvu ileile ikikusanywa juu ya mstari mwembamba hupasua. Ndiyo maana kisu butu kinahatarisha vidole kuliko kisu kikali. Mwenye kisu butu hulazimika kusukuma, na kinachosukumwa sana huteleza.

Jambo la pili ni kwamba uzi huo hautengenezwi kwa kuongeza kitu, bali kwa kuondoa. Kinoo hakikipi kisu chuma, hukipunguzia. Katika Italia iko miji iliyoishi kwa kazi hiyo kwa karne nyingi. Scarperia, mji uliojengwa na Wafirenze mwaka 1306 kaskazini mwa mji wao, umejulikana kwa visu vyake vizazi kwa vizazi. Maniago, katika jimbo la Friuli chini ya milima, ulifua visu tangu karne ya 15 kwa nguvu ya maji yaliyoelekezwa kwenye mfereji ili kuendesha nyundo na mawe ya kunolea. Katika milima hiyohiyo ya Friuli liko bonde la Resia, ambako wanaume walitoka kwenda nchi za mbali wakinoa visu na mikasi, kwanza kwa miguu na baadaye kwa baiskeli. Katika kijiji cha Stolvizza wamewawekea makumbusho. Waitaliano humwita mtu wa namna hiyo arrotino, kutokana na neno la gurudumu. Nasi tunamfahamu. Ni yule kijana apitaye mitaani na baiskeli yake, akaisimamisha, gurudumu la nyuma likiwa juu, akakanyaga pedeli na jiwe likazunguka na cheche zikaruka, huku watoto wakimzunguka. Tazama kisu cha bibi yako kilichonolewa kwa miaka thelathini: kimekuwa chembamba kama jani la mhindi. Kila alipokitumia vizuri, kilipungua.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi, nalo linajulikana kwa wanoaji wote duniani. Kisu kinapotoka kwenye jiwe, hubaki nacho kijinyama chembamba cha chuma kilichosukumwa upande wa pili, kinachoning'inia ukingoni. Ukipitisha kidole hapo utahisi ukali wa kukwaruza, nawe utasema: kweli, kimenolewa! Lakini ukianza kukata, kijinyama hicho hujikunja au huvunjika, na kisu kinakuwa butu kabla nyama haijaingia chunguni. Waitaliano wana jina la kitu hicho. Wanakiita filo morto, uzi mfu. Kazi ya fundi haijaisha mpaka uzi mfu uondoke. Na hauondoki kwa jiwe kubwa wala kwa kukanyaga pedeli kwa nguvu. Huondoka kwa jiwe laini na mkono mwepesi, na hatimaye kwa ngozi. Vinyozi wa zamani walikuwa na ukanda wa ngozi, coramella, waliokuwa wakipitishia wembe mbele na nyuma, taratibu, kabla ya kuugusa uso wa mtu.

Wapendwa, sasa mtaona kwa nini padri ameyaweka mambo haya mbele yenu. Maandiko yanafananisha neno na upanga, tena si mara moja. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinatuonya kuna anayesema hovyo na maneno yake yakachoma kama upanga, ilhali ulimi wa mwenye hekima huponya. Waraka kwa Waebrania unaliita Neno la Mungu kali kuliko upanga wa midomo miwili. Nasi tunapenda kusikia hivyo, hasa sisi wahubiri, maana tunadhania kwamba makali ni ukali. Mtu akifoka tunasema ana maneno makali. Akitukana mbele ya watu tunasema amesema ukweli mchungu. Lakini Mwitaliano angetuuliza: je, huo ni uzi, au ni uzi mfu? Maneno mengi tunayoyaita makali ni kile kijinyama kinachoning'inia tu. Yanakwaruza yanapoguswa, yakipelekwa kwenye kazi halisi ya kutenganisha jambo la kweli na la uongo, hujikunja.

Na hapa nieleze lile jambo la nyumbani kwetu. Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi aliugua tumbo. Baada ya vipimo daktari alituita sisi watoto pembeni, akatuambia ni saratani, nayo imekwisha kuenea. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Jioni ile tulikaa kikao cha familia. Dada yangu mkubwa alisema tusimwambie. Tuseme ni vidonda vya tumbo, kwa maana akijua atakata tamaa na atakufa kabla ya siku zake. Wadogo zangu wakakubaliana naye. Najua familia nyingi katika parokia yetu zimekaa kikao kama hicho, na ninajua wanaosema "tumfiche" hawasemi hivyo kwa ubaya. Dada yangu alikuwa akimwosha mama kila siku. Ni upendo uliosema.

Mimi nilisema sitamwendea mama na habari hiyo bila yeye kuuliza. Lakini akiniuliza, sitamdanganya. Hatukuafikiana.

Siku ya tatu, baada ya Rozari ya jioni, wengine walipotoka, mama alinishika mkono. Akaniambia: "Baba, wewe ni padri na ni mwanangu. Hawa wote wananitazama kama wanaoniaga. Nina nini?"

Kabla ya swali hilo nilikuwa nimekwisha kutunga maneno mengi kichwani: juu ya mapenzi ya Mungu, juu ya msalaba, juu ya uzee na ahadi ya ufufuko. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa mazito kama mgongo wa kisu. Wakati ule nilikumbuka nyanya ile iliyobonyezwa bila kukatika. Nikaona kwamba maneno mengi yatambonyeza tu. Nikamwambia: "Mama, ni saratani. Imeenea, na madaktari hawawezi kuiondoa. Watakupa dawa ya maumivu. Sisi tupo nawe." Nikanyamaza, wala sikuuondoa mkono wangu katika mkono wake.

Sitawadanganya nanyi kwa kusema kwamba alifurahi. Alilia usiku ule na siku iliyofuata. Dada yangu alinikasirikia sana, na mpaka leo, tukizungumza juu ya siku zile, husema kwamba nilimnyang'anya mama matumaini. Sijaribu kumshinda kwa hoja. Alikuwapo usiku ambao mimi nilikuwa nimerudi parokiani, na alimwona akilia. Lakini siku ya tatu mama alikaa kitandani, akaagiza aitwe mdogo wake wa kike, ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi kwa sababu ya shamba la baba yao. Mama mdogo akaja. Walifunga mlango. Sijui walisema nini, ila tangu siku hiyo mama mdogo hakuondoka mpaka tulipomzika dada yake, baada ya majuma saba. Mama alilipa deni lake katika kikundi cha akina mama, akasema ng'ombe apewe nani, akachagua mwenyewe kanga atakayovishwa. Alipokea Mpako wa Wagonjwa akiwa anajua anapokea nini.

Nilipofikiri baadaye juu ya majuma hayo saba, nilielewa kwa nini Waitaliano wanatumia neno moja kwa kisu na kwa msemaji. Kisu hupoteza uzi, na mtu anayesema hupoteza uzi, kwa sababu ukali wa neno na mwendelezo wa neno ni kitu kimoja. Neno lenye uzi ni jembamba: limeondolewa kila lisilohitajika, hata lile linalompendeza msemaji. Tena ni moja, halikukatika: linatoka kwenye moyo wa asemaye hadi kwa anayeambiwa, bila kuruka mahali pagumu. Tukiongeza hasira juu yake hatulinoi, tunaliachia uzi mfu. Tukiliongezea mapambo hatulilainishi, tunaligeuza mgongo. Na tukiliruka lile linalouma, uzi umekatika, na mgonjwa huijua sehemu ulikokatikia, kama mama alivyoijua machoni petu.

Liko jambo moja zaidi ambalo nimejifunza kwa walimu wa upanga wa Italia. Mwaka 1536 Achille Marozzo, bingwa wa upanga wa Bologna, alichapisha huko Modena kitabu kiitwacho Opera Nova. Walimu wa shule yake waliyapa majina makali mawili ya upanga: uzi ulio upande wa vifundo vya vidole, unaomkabili adui, waliuita dritto, ule wa pili, unaomgeukia mwenye upanga mwenyewe, waliuita falso. Jina hilo la pili tusilichukue kwa maana ya udanganyifu. Lilionyesha upande tu, na uzi huo nao ulitumika kukata. Kila nisomapo lile neno la Waebrania juu ya upanga wa midomo miwili, ninakumbuka mkono huo. Anayelishika Neno ili kumwonya mwenzake ameshika kitu chenye uzi wa pili, nao unamtazama yeye. Mzazi anayemkemea mtoto, mwenyekiti wa jumuiya anayesuluhisha wanandoa, padri aliye mimbarini: sote tuna uzi mmoja mbele na mwingine umetuelekea usoni.

Juma hili, basi, ninawaomba jambo dogo. Huenda kuna mtu unayedaiwa neno la kweli: mume, mke, kijana wako anayepotea, ndugu mliogombana naye juu ya mpaka wa shamba, mgonjwa anayekutazama akisubiri. Usiende kwake leo kama bado una hasira, kwa sababu huo ni uzi mfu, nao utajikunja. Wala usingoje mpaka utakapopata hotuba nzuri. Kaa kwanza mbele ya Sakramenti Takatifu, hata kwa robo saa. Chukua lile unalotaka kumwambia, uliondolee kimoja kimoja kila kinachokuhusu wewe: heshima yako, ushindi wako, uchungu wako wa zamani. Kitabaki kidogo sana. Pengine sentensi mbili. Hizo ndizo za kupeleka. Na ukiisha kuzisema, usikimbie; kaa naye, kama vile anayekata mkate anavyobaki mezani na anaowakatia.

Na wale mlio na wagonjwa nyumbani ambao hawajaambiwa, sitawaamuru. Kila mgonjwa ana saa yake, na si kila mgonjwa huuliza. Lakini akikuuliza kwa kinywa chake mwenyewe, akikushika mkono, tafadhali usimjibu kwa mgongo wa kisu. Njoni tuzungumze kabla, kama mnaogopa. Ofisi iko wazi siku zote isipokuwa Jumatatu, na kwa jambo la namna hii hata Jumatatu mlango wangu naufungua.

Tuwaombee wagonjwa wote wa parokia yetu, na wale wanaowauguza, hasa wanaokesha. Nawatakieni Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.